Konje ya Baba, Mizigo ya Mama

Tarehe 3 ya mwezi wa saba, saa kumi na moja ya asubui, Panda ilikuwa bado mu giza, na baridi ya wakati wa jua kali ikitoboa mpaka ku mifupa. Tuligonga ku mlango wa nyumba moja ya matofali, moja ya zile nyumba za zamani za kampi. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuamka. Inje mbabula ilikuwa inawaka, kikaango cha bitumbula juu yake. Mu chumba cha mbele, juu ya mkeka, valizi moja ilikuwa wazi. Valizi moja, watoto wane.

“Karibuni, badelege,” akasema. “Mwikale, lakini musinikanyangie bikwembe.”

Jina lake hatuliandike. Yeye mwenyewe alituomba hivyo, sababu bwana yake angali ku kazi, na maneno ya kazi yana masikio marefu. Tunasema tu kwamba ana watoto watano, kwamba kila asubui anauzisha bitumbula mbele ya masomo, na kwamba hakuna delege hata mmoja kati yetu aliyemshinda ku hesabu.

Siku ile watoto wane walikuwa wanaenda vakansi kwa nkambo wao, Kapolowe, upande wa Mission. Si mbali: unashika njia kubwa ya Lubumbashi, unashuka ku Kapolowe Gare, kisha unatafuta pikipiki. Mtoto wa kwanza, binti wa miaka 18, alikuwa anabaki. Alikuwa amefanya Examen d’État na alikuwa anangoja matokeo.

Tukakaa, tukamtazama akifunga mizigo. Kila mtoto alitandikiwa kikwembe kizee chini. Mama alitia ndani nguo mbili za kucheza, moja ya misa na triko moja ya baridi, akakunja, akafunga na kamba. Kamba nyekundu ya kijana, ya bluu na ya kijani za wasichana wawili, nyeupe ya kadogo. “Vile, kule kwa nkambo hakuna kugombana. Kila mutu anayua kamba yake.” Kisha akachukua mche mrefu wa sabuni, akaukata na uzi vipande sita. Vakansi ni wiki nane: kipande kimoja kwa wiki mbili, basi vine ni vya watoto. Viwili vilivyobaki ni vya nkambo. Juu akatia sukari, chumvi, chupa ya mafuta, biberiti na dawa ya kupakaa ku magoti. Kwa wazazi hauendi mikono bule.

Lakini kitu cha kwanza kabisa alichokuwa ametia chini ya valizi, kabla ya nguo, ilikuwa mifuko miwili ya bunga, mitupu, imekunjwa vizuri. Tukamuuliza ni ya nini.

“Ile njo ya maana kupita valizi yote,” akajibu. “Inaenda mitupu, inarudia na samaki ya kukauka na mahindi. Samaki, nusu tunakula, nusu ninauzisha. Mwezi ya tisa ile samaki njo inakuwa viatu ya masomo.”

Samaki wa Kapolowe wanatoka mu ziwa Tshangalele, lile lililozaliwa wakati mto Lufira ulipofungwa kwa kujenga sentrali ya Mwadingusha, ambayo ilianza kutoa umeme mu 1930. Umeme ulitakiwa kwa viwanda vya shaba vya hapa kwetu. Basi maji yaliyofungwa kwa ajili ya shaba yanalisha leo watoto wa watu wa shaba. Mama huyu hakuhitaji kitabu kwa kuyajua hayo. Anayajua kwa hesabu ya mifuko yake.

Ulizo la tarehe 1 ya mwezi wa tano

Hatukwenda kule asubui ile kwa kutazama valizi. Tulikwenda kuchukua kaye. Tueleze.

Ku sikukuu ya kazi, tarehe 1 ya mwezi wa tano, sisi wa sendika tulifanya defile kama kila mwaka, na tisheti na kofia. Kisha tukakusanyika, tukaanza kusema juu ya mshahara, masaa ya kazi, kofia ya chuma na viatu vya usalama. Kila mtu alikuwa anapiga mikono. Mama huyu akasimama kule nyuma, akaomba neno.

“Badelege, munahesabu masaa ya babwana wetu. Muzuri. Lakini tangu bwana yangu aingie ku ile kazi, mwaka inakaribia kutimia, na konje hayapata hata siku moja. Ile konje, munawaza ni ya yeye peke? Njo ile konje inafungulia batoto masomo. Njo ile inafikisha batoto kwa nkambo. Sasa miye minauliza: nani anaihesabu?”

Wanaume wengine wakacheka. Kisha kicheko kikakauka, sababu ku meza ya mbele hakuna aliyekuwa na jibu. Tulikuwa tumehesabu kila kitu cha ku kazi, na hatujapata kuhesabu kitu kimoja cha ku nyumba. Tuseme kweli: tuliona haya.

Bwana yake anaendesha mashine ku kampuni moja ya sutretansi, mbele ya Kambove. Kampuni hiyo hatuitaje, mambo yake mengine yangali yanangojewa. Bwana analala kule ku kampi ya kazi, anarudia nyumbani kila wiki mbili. Alianza mwezi wa saba wa mwaka uliopita, na mkataba wa miezi mitatu. Ukaisha, akakaa siku mbili nyumbani, akatia saini ya pili. Ukaisha, siku tatu nyumbani, saini ya tatu. Kisha ya nne, mpaka tarehe 30 ya mwezi wa sita. Akiuliza konje, wanamwambia: wewe ni mtu mpya kila miezi mitatu, konje yako itoke wapi?

Mu miji yetu ya mgodi wako wengi wanaojibiwa vile. Wengi wanainamisha kichwa, wanarudi ku mashine.

Kaye ya mama

Kisha ulizo lile, tuliomba mama watufundishe. Mama sita wa Panda walikubali kutuonyesha kaye zao za nyumba. Ya mama huyu ndiyo ilikuwa safi kupita zote: kaye ya masomo ya kurasa mia, alama za biki ya bluu na nyekundu, na kila mwezi una mistari mine. Mstari wa kwanza, “Baba”. Wa pili, “Bitumbula”. Wa tatu, “Likelemba”. Wa nne, “Deni”.

Tuliifungua pamoja naye asubui ile, yeye akigeuza bitumbula mu mafuta, sisi tukisoma.

Mwezi wa tisa: masomo. Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na kwa wadogo wake hiyo imekuwa msaada wa kweli. Lakini nguo za masomo si za bure, kaye si za bure, viatu si za bure, na wale wa sekondari wangali wanalipa. Mstari wa “Baba” unaisha pale pale. Mstari wa “Deni” unaanza.

Mwezi wa kumi na mbili: Noeli na Bonane. Mchele, kuku mmoja, soda za watoto, nguo moja moja. Mwezi wa pili: kilio cha jirani. Mwezi wa tatu: kikwembe cha tarehe 8, siku ya wamama, sare na wenzake wa likelemba. Mwezi wa nne: Pasaka, na komunyo ya kwanza ya binti wa miaka 11. Pale aliandika “robe ni ya kuazima, kiatu nimenunua”. Mwezi wa tano, ku feti ya kazi: “wamempa tisheti”. Mwezi wa sita: franka za Examen d’État za binti mkubwa.

Na mu mwezi wa saba, alikuwa ameandika zamani, na herufi kubwa, neno moja: KONJE. Pembeni ya neno lile kulikuwa bule. Hakuna hata alama moja.

Mmoja wetu, kijana, akamuuliza: “Mama, hizi feti zote ni za lazima? Hauwezi kupunguza?”

Hakukasirika. Aliondoa kitumbula kimoja ku mafuta, akamtilia mu karatasi, akamupa.

“Mwanangu, feti haina ya kujionyesha. Jirani akizaa, minaenda na sabuni. Akifiwa, minaenda na makala na bunga, tunalala kule. Siku yangu ikifika, banakuja. Usipoenda kwa benzako, siku ya kilio yako utabeba sanduku peke yako. Sasa niambie, mu ile kaye, utafuta nini?”

Kijana yule alikula kitumbula chake, hakuuliza tena.

Posho ya wazazi wetu

Wasomaji wazee watasema: zamani haikuwa hivi. Ni kweli kwa sehemu, na ni vizuri kukumbuka sehemu zote mbili.

Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière du Haut-Katanga ilianza kutaka wafanyakazi wakae na wake na watoto mu kampi, sababu mtu mwenye nyumba anadumu ku kazi. Basi nyumba ikaingia mu hesabu ya kampuni. Posho ilihesabiwa na bibi na watoto ndani. Kulikuwa hospitali, masomo, na foyer social ambapo mama zetu walifundishwa kushona na kupika. Kisha kutaifishwa mu 1967, Gécamines ilifuata njia ile kwa miaka mingi. Mama wa Panda wa wakati ule alijua siku ya kantini, na alijua mfuko utakuwa na nini.

Lakini mkono unaopima bunga ndio uliokuwa unapima maisha pia. Kampi ilikuwa na mkubwa wake, na nyumba ilikuwa ya kampuni, si yako. Tena kila kitu kilipita kwa jina la bwana. Siku bwana alipopoteza kazi, mama na watoto walipoteza yote kwa siku moja.

Siku ile tumeiona sisi wenyewe, tukiwa vijana. Mishahara ilikatika miezi na miezi. Kisha mu 2003 na 2004 ikaja ile mipango ya kuondoka kwa mapenzi, na feza za Benki ya Dunia: watu 10.655 walitoka Gécamines. Ni nani alisimamisha nyumba za Panda miaka ile? Mama walioamka saa kumi ya usiku na kwenda kuuzisha makala, mikate, bitumbula, mboga za mashamba. Wengi wetu tunaosimama leo mu sendika tulimaliza sekondari kwa franka zile. Kisha tulipofika ku meza ya mbele, tukasahau kuzihesabu.

Mfuko wa bunga

Mwezi wa saba, tulikwenda kuonana na wakubwa wa kampuni ile. Tulibeba vitu viwili: Sheria ya kazi, na kurasa za kaye za mama sita, bila majina.

Sheria ni ya wazi. Ni Sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Mfanyakazi mwenye kupita miaka 18 anapata konje ya siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika. Kwa mwaka ni siku 12. Kila akitimiza miaka mitano ku kazi, siku moja inaongezeka. Tena siku zile zinalipwa. Na mkataba wa muda haupite miaka miwili. Haupite mwaka mmoja ikiwa mfanyakazi ameoa na kazi inamtenga na jamaa yake. Hauwezi kurudiliwa zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za msimu au kazi fulani zinazotajwa na sheria. Bwana huyu, anayelala ku kampi mbali na nyumba, alikuwa anaelekea ku saini ya tano.

Wakubwa walisoma sheria haraka, waliijua. Walikaa zaidi ku kurasa za kaye. Mmoja aliuliza: “Hii KONJE hapa, juu ya nini pembeni ni bule?” Tukamjibu: “Tumekuja kukuuliza wewe.”

Siku tatu mbele wakatuita. Walikuwa wamepata njia: kila mfanyakazi atapewa mfuko mmoja wa bunga wa kilo 25, “kama zawadi ya vakansi”, na maneno yaishe pale.

Hatutaficha kwamba sisi wenyewe tuligawanyika. Mwezi wa saba nyumba ni tupu, na mfuko wa bunga unaonekana, unashikika. Wengi walisema: tupokee, kidogo ni bora kuliko bule. Wengine walisema hapana. Tukagombana mpaka usiku. Mwishoni mmoja akasema: twende tuulize wale tuliowachukulia kaye.

Mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

“Bunga ya kilo 25, kwangu, siku kumi imeisha. Kiisha tutakula nini? Barua yenye tutatia saini? Mukikamata ile mufuko, mwaka yenye kuja batawaambia: sheria yenu ni mufuko. Nkambo yangu alipewa posho, sawa, lakini na mushahara pembeni. Haina mu nafasi ya mushahara.”

Na mama wengine watano wakasema vilevile, kila mmoja kwa maneno yake. Wakati ule bunga mu nyumba ya mmoja wao ilikuwa imebaki kikombe kimoja, tuliiona kwa macho yetu. Tukarudia ku kampuni, tukasema: zawadi tunaipokea kama ni zawadi, lakini siku za konje ni siku za konje. Wakakataa yote mawili, bunga na siku. Tukapeleka barua kwa inspekta wa kazi.

Poda

Kungali tunangoja, matokeo ya Examen d’État yakatoka. Ku njia ya mama yule habari ilifika kwa simu, jioni. Kelele kwanza, kisha mbio, kisha poda. Ndani ya dakika chache binti alikuwa mweupe kichwa mpaka miguu, na wenzake wamemzunguka wakipiga bidumu na masufuria. Amepita. Wa kwanza mu jamaa yote kupata diplomi.

Mama alikaa ku kizingiti, akalia kidogo, akafuta macho na kikwembe, akasema: “Sasa nani atapika?”

Wiki ile ile zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika. Majirani wote walijua. Kila mtu alingojea kuku, viti vya kukodi, muziki mpaka asubui. Diplomi si kitu cha kila siku, na mwenye kupata bila kugawa anaitwa mchoyo. Kwa upande mwingine, binti anataka kuendelea na masomo makubwa, na mlango wa kwanza wa kule ni franka za kujiandikisha. Franka zilikuwa moja tu. Kama konje ingekuwa imelipwa, zingekuwa mbili.

Alifanya hivi. Alikaanga bitumbula vya bunga yote iliyokuwa mu nyumba. Wenzake wa likelemba wakaleta munkoyo mu bidumu. Walikaa ku mikeka, mu baridi, kuzunguka mbabula tatu, wakaimba mpaka saa nne ya usiku. Hakuna kuku. Hakuna baffle. Franka za likelemba zilibaki zimefungwa mu fundo la kikwembe, na kesho yake zilikwenda kuandikisha binti. Wako waliosema chini chini kwamba feti ile ilikuwa ya kimasikini. Lakini kila aliyealikwa alikuja, na kila aliyekuja alikula.

Kitu kimoja kilikosekana. Baba hakuwako. Alikuwa ku mashine, mbele ya Kambove. Walimpigia simu, wakainua simu juu ili asikie kelele. Alisikia watu wanaimba jina la mtoto wake, akasema “Aksanti, Mungu”, kisha simu ikanyamaza. Wenzake wa kazi walituambia kwamba alizima mashine, akashuka, akasimama pembeni kwa muda, kofia mkononi. Kisha akapanda tena.

Sheria inatoa siku kwa mambo fulani ya jamaa, na tutaziandika hapa chini. Kwa diplomi ya mtoto haitoe. Siku ya namna ile inatoka mu konje tu. Ndiyo maana mtu anayekula konje ya mwenzake hakuli franka peke. Anamnyima kuwa ku nyumba siku mtoto wake anapakwa poda.

Kamba nyekundu ya nani?

Katikati ya mwezi wa nane, kisha inspekta kuwaita mara mbili, kampuni ilikubali. Wale waliotimiza miezi 12, saini zote zikiunganishwa, wanahesabiwa siku zao 12, na watalipwa mara mbili: nusu mwezi wa nane, nusu mwezi wa tisa. Wale wasiotimiza mwaka wanaandikiwa miezi yao, isifutwe tena ku kila saini mpya. Juu ya mikataba yenyewe, maneno hayajaisha. Faili iko kwa inspekta, na hatutasema tumeshinda kile ambacho hatujashinda.

Bwana yule alirudia nyumbani siku ya posa. Siku 12 za kazi ni wiki mbili nzima. Siku tatu za kwanza alilala. Ya nne alisema ni yeye atakwenda kuchukua watoto Kapolowe, mama apumzike.

Alirudia nao jioni ya kesho yake, watoto wane, valizi na mifuko miwili iliyojaa mpaka ku mdomo, harufu ya samaki ikitangulia. Tulikuwa pale. Akatua mizigo, akaanza kuwapa watoto nguo zao, na pale pale kilio kikaanza. Kamba ya bluu alimpa wa kamba ya kijani, na kadogo akapewa kaptula ya kaka yake.

“Kamba nyekundu ni ya nani?” akauliza.

Mama akacheka mpaka akashika mlango. “Mwaka muzima eko anaendesha mashine kubwa vile, kamba ine zinamushinda!”

Yeye pia akacheka. Kisha akasema, pole pole: “Siyue. Sikukuwako siku ya kufunga.” Akakaa chini ku mkeka, na mtoto mmoja mmoja alimfundisha kamba yake.

Usiku ule mama alifungua kaye, akarudisha kurasa nyuma mpaka mwezi wa saba. Pembeni ya neno KONJE, kwa biki ya bluu, aliandika alama za nusu ya kwanza. Chini yake, kwa biki nyekundu: “nusu ingine, mwezi ya tisa”. Mwezi wa tisa tutaenda kuangalia.

Mu kila nyumba, kaye

Tangu siku ile, ku mikutano yetu ya Panda meza ya mbele ina kiti cha mama, na hakuna anayecheka. Tunaomba kila nyumba ya mfanyakazi ifanye kama mama huyu. Chukueni kaye. Andikeni tarehe ya kila mkataba, siku ya kuanza na siku ya kuisha. Chungeni karatasi zote, hata za zamani, hata zile zenye mafuta ya bitumbula. Hesabuni mwezi mmoja, siku moja.

Andikeni pia hizi, sheria inazitoa kwa mfanyakazi pembeni ya konje ya mwaka: akioa, siku 2; bibi akizaa, siku 2; mtoto akioa ao akiolewa, siku 1; akifiwa na bibi, bwana, mzazi ao mtoto, siku 4; akifiwa na ndugu wa tumbo, nkambo ao mjukuu, siku 2. Na mama anayefanya kazi ya mshahara, akizaa ana wiki 14 za kupumzika, si zaidi ya 6 mbele ya kuzaa na si zaidi ya 8 kisha kuzaa.

Kateni kipande hiki cha gazeti, mukibandike ku mlango wa kabati. Bwana akirudia na saini mpya mkononi, muulizeni kwanza: “Na konje, wameandika?”